Patasi ya Nane

Kosa la Angélique lilikuwa kunoa vizuri mno. Wengine hukosa kwa uvivu, wengine kwa tamaa. Yeye alikosa kwa jiwe, maji na majivu laini, amekaa barazani kwake mtaani Kampemba asubuhi nzima, tena anaimba. Maskini, hakujua kwamba kila anapopitisha jiwe anamchimbia mumewe shimo.

Mumewe ni Chola, mchongaji wa sanamu na viti, mtu mpole mwenye mikono mikubwa. Kila Jumanne hubeba kazi zake mpaka Karavia, ambako watu wenye nafasi huenda kupunga upepo, akaziuza pale huku anaendelea kuchonga, maana mnunuzi hupenda kuona vipande vya mti vikiruka. Chola anachonga, Angélique ananoa. Ndivyo walivyogawana kazi tangu waoane. Baba yake Angélique alikuwa mnoaji wa vyombo vya waunda mashua kule Kasenga, na binti alijua kuamsha makali ya shoka kabla hajajua kusuka nywele zake mwenyewe. Wawili hao hawakununua chombo kipya hata siku moja. Walinunua vya zamani, vilivyoliwa na kutu, vyenye mipini iliyopasuka, wakavirudishia uhai.

Patasi zilizoleta balaa walizipata kwa mzee Rigobert. Huyu alifanya kazi miaka ishirini na sita katika kiwanda kimoja cha kuyeyusha vyuma mjini. Alikuwa modeleur, yaani yeye ndiye aliyechonga kwa mti umbo la kila kipande cha mashine, kisha wenzake wakalikandamiza umbo hilo mchangani na kumwagia chuma cha moto. Alipostaafu aliachiwa patasi saba zilizochoka. Karatasi zake sasa zilimwita Mwape, kwa sababu miaka miwili iliyopita serikali ilifuta majina ya ubatizo, lakini mtaani nani angemwita Mwape? Angélique mwenyewe kwenye kadi yake ya chama alikuwa Bwalya, na mtu akiita Bwalya sokoni, hageuki.

Walipatana kwa gunia la unga wa mahindi na furushi la samaki wakavu. Mzee alibisha kwa kila samaki, akalalamika, akaguna, mwisho akakubali. Patasi saba zikaingia kikapuni. Ndipo mzee alipoingia chumbani, akakawia, akatoka na kitu kimefungwa katika kitambaa cha shati kuukuu. Ilikuwa patasi ya nane, pana, yenye mdomo wa mviringo kama ukucha wa kidole gumba.

"Hii njo matabishi yenu," akasema.

"Matabishi ya namna hii, baba?" Chola alishangaa. Muuzaji wa nyanya akikupa matabishi, anakuongezea nyanya moja iliyobonyea. Hii ilikuwa bora kuliko zote saba zikiwekwa pamoja.

"Kamata tu. Miye mikono inatetemeka. Lakini mama, hii uisafishe muzuri. Mugongo yote, mpaka kwa shingo."

Nani anakataa matabishi? Waliondoka wakicheka kama watoto walioiba sukari.

Nyumbani, Angélique aling'oa mipini yote minane iliyokuwa imepasuka, akaitupa katika kikapu cha kuni. Chola alichonga mipini mipya ya mti mgumu wa mukula, wakaigandisha kwa gundi ya ngozi iliyochemshwa. Kisha ikaja kazi ya kutu. Wanoaji wengi huishia vidole vitatu kutoka kwenye makali, kwa sababu hapo ndipo chuma kinapokutana na mti. Huko juu kutu ikae, inamdhuru nani? Angélique hakufundishwa hivyo. Alipitisha jiwe mpaka shingoni, patasi zote nane, zikang'aa hata mtu angeweza kujitazama meno. Chini ya kutu aliona mikwaruzo, kama herufi, kama michoro. Akaipita. Chuma cha zamani kina mikwaruzo mingi.

Mikwaruzo hiyo ndiyo iliyokuwa roho ya mumewe. Kila chombo cha kiwanda kile kilipigwa muhuri wa nyundo mbili zilizopandana. Chombo kikichoka na mfanyakazi akaachiwa, kilipigwa na X pembeni. Chombo chenye nyundo na X ni halali ya mtu. Chenye nyundo peke yake kimeibwa. Na kile kisicho na alama yoyote, kimesuguliwa kikawa safi? Hicho kimeibwa na mwizi mwenye akili, na walinzi wa kiwanda walikuwa wakiwatafuta wezi wa namna hiyo kwa hamu kubwa.

Mwezi mmoja baadaye, siku ya Jumanne, mlinzi mmoja aliyekuwa mapumzikoni alisimama Karavia kutazama kiti kinavyochongwa. Kiti alikitazama kidogo, patasi akazitazama sana: umbo lake alilijua, alama hakuiona. Kabla jua halijageuka Chola alikuwa amefungiwa katika kituo cha walinzi, yeye na patasi zake nane.

Angélique alipata habari jioni, na Jumatano alfajiri alikuwa mlangoni pa kituo na kibakuli cha bukari, yaani ugali, kwenye kitambaa. Mkuu wa walinzi aliitwa Mukuka, mtu mwembamba asiye na haraka, koti lake limefungwa vifungo mpaka kooni. Aliagiza Chola atolewe, akamsimamisha mbele ya meza. Siku moja tu, na tayari mashavu yalikuwa yameingia ndani. Patasi nane zilipangwa mezani juu ya gazeti.

"Citoyenne Bwalya," Mukuka akasema, kwa neno la serikali la kumwita raia, "bwana yako anasema hizi alinunua kwa citoyen Mwape, wa modelage. Citoyen Mwape tunamuyua. Alipata réforme yake, vyombo vya kuchoka, ni kweli. Lakini ile alipata ilikuwa na alama. Hizi hazina. Sasa nauliza: ni nani alitosha, ni nani alifuta alama?"

Angélique alifungua kinywa. Alikuwa na jibu, tena jibu rahisi: ni mimi, chef, sikujua.

"Njo miye," Chola akawahi kujitwika kosa. "Bibi yangu hayue kintu. Kazi yake ni kupika."

Kupika! Damu ilimchemka Angélique mpaka masikioni. Akamtazama mumewe, na mumewe akamtazama kwa jicho la kumwambia nyamaza, fikiria watoto. Alinyamaza. Alijichukia kwa kunyamaza, na akamchukia Chola kidogo kwa kumfanya anyamaze, na wakati huohuo alimpenda.

"Basi," Mukuka akasema, akihesabu kwa vidole siku mbili hadi Ijumaa. "Vendredi saa sita, dossier inaenda kwa parquet, kwa wenye kushitaki. Kununua kintu ya kuiba na kufuta alama, mama, hiyo ni myaka mbili. Tatu, kama juge aliamuka vibaya."

"Lakini kuko kitabu, chef. Kitabu ya réforme. Muangalie mule."

"Tangu bakubwa babadilishwe, makabati yote ilihamishwa. Tunatafuta kitabu ile tangu mwaka jana." Alisema bila aibu, kama anayesema habari za mvua. "Bila kitabu, iko paka alama, alama tu."

Walipomgeuza Chola kumrudisha ndani, Angélique alisikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Chef, na kama alama irudie?"

Mukuka alikuwa anafunga gazeti. Akasimamisha mikono.

"Irudie namna gani? Ilishasuguliwa."

"Iko namna. Baba yangu alinionyesha."

Mkuu alimkazia macho muda mrefu. Labda aliona ni mwanamke aliyechanganyikiwa. Labda aliona kitu kingine. "Vendredi, saa tatu ya asubui," akasema. "Hapa, mbele ya macho yangu. Patasi haitoke hapa. Na muzee mwenye kuuzisha akuye naye."

Angélique alitoka haraka. Namna ilikuwapo, hilo hakudanganya. Lakini aliiona mara moja tu, akiwa msichana wa miaka kumi na miwili. Kule Kasenga wavuvi wawili waligombea shoka, na mmoja alikuwa amelisugua jina la mwenzake. Baba yake alichanganya asidi na ile chumvi ya buluu ya shaba, akapaka, akapangusa, akapaka tena, na jina likatoka ndani ya chuma kama mtu anayetoka ukunguni. Muhuri ukipigwa, baba alimweleza, chuma kinabanwa hata chini ya alama. Ukisugua juu, kule chini bado kimebanwa, na asidi inakula paliposhindiliwa tofauti na penginepo. Inategemea umesugua kiasi gani, baba aliongeza. Ukisugua sana, hakuna kitu.

Na yeye alikuwa amesugua sana. Hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Alhamisi alikwenda kwa fundi wa mabati sokoni Kampemba, akapewa chupa ya asidi ya kulehemia. Chumvi ya buluu aliipata kwa mkulima wa nyanya anayenyunyizia miche. Alijaribu kwenye kisu cha jikoni: akakipiga msumari, akasugua mpaka alama ikapotea, akapaka. Mara ya kwanza hakuna. Mara ya pili kisu kikawa chekundu kote kwa shaba, hakuna. Mara ya tatu, akiwa ameshalia, nukta moja ikatokea, hafifu kama doa la jasho. Moja kwa tatu. Kwa bahati hiyo ndiyo angekwenda kumkomboa mume.

Mchana alimfikia mzee Rigobert. Alimkuta ameketi mlangoni, mikono mapajani, ikitetemeka yenyewe. Alimweleza yote. Mzee alisikiliza vizuri mpaka alipofika kwenye asidi.

"Ile acide itakula bintu," akasema.

"Nitafanya polepole, baba."

"Utajaribu zote?"

"Zote munane."

Mzee alitazama upande wa barabara. "Fanya tatu. Tatu inatosha. Muntu mwenye akili akiona tatu, anakubali."

"Chef atataka zote. Baba, bwana yangu analala chini kwa ciment. Utakuya, ao hautakuya?"

Mzee aliendelea kuitazama barabara. Kuku alipita kati yao. Angélique alidhani ni uzee, ni woga wa kawaida wa mtu mnyonge akisikia jina la kituo, akamsamehe moyoni kabla hajajibu.

"Nitakuya," mzee akasema.

Ijumaa saa tatu meza ilikuwa imetolewa nje, chini ya paa la kituo. Mukuka alisimama upande mmoja. Mzee Rigobert alikalishwa juu ya sanduku. Chola aliletwa, akaegemezwa ukutani, mlinzi pembeni yake. Alipoona chupa na vitambaa, alielewa, akafumba macho kidogo kama anayesali. Nyuma ya meza palikuwa na pipa la vyuma vibovu.

Angélique alichukua patasi ya kwanza. Aliisugua kwa majivu kuondoa mafuta ya mikono, akaikausha, akachovya kijiti kilichofungwa kitambaa, akapaka mgongo wa chuma karibu na shingo. Chuma kikaiva rangi ya shaba. Akapangusa. Hakuna. Akapaka, akapangusa. Hakuna. Mara ya tatu mlinzi akacheka puani.

"Mama anaosha sahani," akasema.

Mara ya nne pakatokea kivuli. Angélique alisogeza uso karibu mpaka moshi wa asidi ukamtoa machozi. Kivuli kikawa kichwa cha nyundo. Kisha mpini wa nyundo. Kisha nyundo ya pili, imepandana na ya kwanza.

"Hiyo njo yetu," Mukuka akasema taratibu, na neno hilo lilimchoma Angélique, kwa maana nyundo peke yake ni gereza. X ilipigwa kwa mkono, haikuzama sana. Alipaka tena. Akapangusa. Akapaka. Mikono ilikuwa imekufa ganzi. Ndipo mstari mmoja ukajichora pembeni, mwembamba, umelala, na mwingine ukaukata katikati.

Mukuka aliinua patasi juani. Aliigeuza, akaigeuza tena, akaiweka upande wa kulia wa meza. "Moja," akasema.

Ya pili ikatii. Ya tatu ikatii. Ya nne ilichukua muda mrefu hata mlinzi akachoka kucheka. Ya tano ilitoa mguu mmoja tu wa X. Mukuka aliishika juani mpaka jicho lake likatoka machozi, kisha akaiweka kulia. Ya sita. Ya saba. Angélique alianza kupumua. Alimtupia mumewe jicho, na Chola, mjinga yule, alikuwa anatabasamu kwa jinsi mke wake anavyofanya kazi.

Akachukua ya nane.

Nyundo hazikuchelewa. Zilitoka mara ya pili tu, nyeusi, kamili, zimezama kuliko zote. Angélique aliishika patasi kwa ndani, kiganja chake kikiwa kati ya chuma na macho ya mkuu, kama alivyozishika tangu ya pili. Akaingojea X. Akapaka. Akapangusa. Akapaka mara tano, mara sita. Pembeni mwa nyundo palikuwa peupe. Hapakuwa na mstari, wala kivuli cha mstari. Hapakupigwa kitu pale hata siku moja.

Mugongo yote, mpaka kwa shingo.

Aliinua macho. Mzee Rigobert hakumtazama yeye, aliitazama patasi.

Hasira ilitangulia, hofu ikafuata. Mzee huyu amemfungia gereza katika kitambaa, amempa kama zawadi, tena amemwagiza yeye, Angélique, afute alama kwa mkono wake! Angempigia kelele palepale. Mkuu akiiona, mzee anakwenda jela, na amestahili. Lakini hesabu yake ilikwenda hatua moja zaidi, ikafika kwa Chola. Mwizi ni mzee. Aliyepokea na kufuta ni nani? Ni yule aliyesema njo miye. Zile saba zisingemsaidia kwa lolote.

"Sasa, mama?" Mukuka akauliza. "Iko nini?"

"Bado, chef. Hii ni ngumu."

Akaweka kijiti chini. Akachukua chupa ya asidi yenyewe, ile kali, isiyochanganywa, akaimimina juu ya mgongo wa patasi.

Chuma kikachemka. Moshi ukapanda, mlinzi akakohoa na kurudi nyuma. Angélique alishika patasi kwa kitambaa, hakupangusa. Alihesabu kimoyomoyo. Povu likawa la kijivu, likawa jeusi.

"Angélique!" Chola akalia kutoka ukutani. Alimwita kwa jina la ubatizo mbele ya wakubwa, bila kujua. Ile ndiyo patasi aliyoipenda, ile ambayo kwa mwezi mzima alilala akiizungumzia, na alikuwa anaiona ikiliwa.

Alipangusa alipofika mia. Mgongo wa patasi ulikuwa umejaa mashimo, mweusi, umechimbika mpaka kwenye mdomo. Hapakuwa na nyundo. Hapakuwa na kitu.

"Imenipotea, chef," akasema. "Acide ilikuwa kali."

Mukuka aliipokea. Hakuitazama kwanza, alimtazama yeye. "Saba unafanya muzuri. Ya munane njo inakupotea."

"Nilichoka, chef."

"Miye nilikuwa ajusteur, fundi wa vyuma, myaka kumi na moya, mama. Nilikamata acide mbele weye haujaolewa."

Angélique akafunga chupa. Mukuka alipitisha kidole juu ya mashimo, polepole, kama kipofu anayesoma, kisha akageukia sanduku.

"Citoyen Mwape. Hii nayo ilitoka kwa kiwanda?"

Mzee alijaribu kusimama, akakaa tena. "Hapana, chef."

"Ilitoka wapi?"

"Ni chuma ya soko. Nilibapatia matabishi."

"Hauiyue?"

Mzee akaikalia mikono yake. "Siiyue."

"Haina kazi?"

"Haina kazi," mzee akasema. Sauti ilimkatika katikati, akalirudia neno lote upya, wazi, kama anayeapa. "Haina kazi, chef."

Mukuka aliitupa patasi katika pipa la vyuma vibovu. Ililia ilipogonga chini. Mkono mmoja wa mzee uliruka mbele kana kwamba ungeweza kuidaka kule iliko, ukabaki hewani, ukarudi chini ya paja.

"Saba," Mukuka akasema. "Mufungue huyu muntu."

Walitoka watatu, Chola amebeba patasi saba kwapani, mzee nyuma yao. Walifika njia panda ya Kampemba. Hapo Angélique akageuka, na yote aliyoyameza tangu Jumanne yakatoka.

"Ulitaka kutuua, baba! Bwana yangu alilala siku tatu juu ya ile kintu yako. Ungesema! Jana ungesema!"

Mzee alisimama katikati ya barabara. "Nilikuwa nayo myaka makumi mbili na sita," akasema. "Siku ya kutoka, walipanga vyombo: hii imechoka, hii iko nzima. Zenye kuchoka njo walinipatia. Ile ilikuwa nzima, mama, juu miye njo niliitunza. Kama ningeitunza vibaya, wangenipatia."

"Na ulitupatia shiye juu ya nini?"

"Mikono ya bwana yako inaweza kuitumikisha. Ya miye haiwezi tena."

Hasira ya Angélique ilizidi. Akampa kisogo, akashika njia. Mzee hakuwafuata.

Nyumbani watoto waliruka juu ya baba yao, akala sahani mbili, akaoga. Kisha akapanga patasi saba juu ya meza yake ya kazi, akaacha nafasi ya ile kubwa.

"Ulichoma kwa kusudi," akamwambia mkewe.

"Nawe ulisema njo miye kwa kusudi."

Chola alicheka. Kicheko kikageuka katikati, akaficha uso katika mikono yake mikubwa, na Angélique akaja akasimama nyuma yake, akambana mabega mpaka kikapita.

Jumamosi mtaa mzima ulitoka kufanya salongo, kufyeka majani na kuzibua mitaro kwa amri ya chama. Zamu ilipoisha, Angélique aliona mtu kwenye uzio, jembe begani. Mzee Rigobert hakuingia. Alisimama pale kama mdaiwa.

"Mama," akasema, "ule mupini wake wa zamani. Mulishauchoma?"

Angélique alitaka kusema ndiyo. Alikuwa na haki ya kusema ndiyo. Mipini mingi ilikuwa imekwisha kuchemsha gundi. Alikwenda kwenye kikapu cha kuni akiwa bado hajaamua. Ilibaki miwili. Mmoja haukuwa na kitu. Wa pili ulikuwa umechomwa herufi kwa waya wa moto, za mkono wa kijana aliyejivunia jina lake: RIGOBERT. Ufa ulianzia katika G ukateremka mpaka mwisho.

Aliutoa nje, akamnyoshea. Mzee hakuupokea.

"Umepasuka," akasema.

"Umepasuka, baba."

"Unaweza kuutengeneza?"

Mpini wa nini? Chuma chake kilikuwa kimelala katika pipa, kimeliwa kwa mkono wa Angélique, kimekanwa na mzee mwenyewe. Neno hilo lilimfika Angélique mdomoni, likabaki pale. Alikuwa bado na hasira. Hakujidanganya kwamba imekwisha.

"Kaa pale," akasema.

Aliweka chungu cha gundi juu ya makaa. Ilipolainika aliipenyeza ndani ya ufa kwa unyoya wa kuku, akaubana mpini, akaufunga kamba mizunguko kumi na miwili, kwa nguvu, kama mpini unaokwenda kazini Jumatatu. Walingoja jua liukaushe. Angélique alipofungua kamba, gundi ilikuwa imetoka nje na kuchafua mti, kwa hiyo akachukua msasa, akaanza kusafisha kuanzia chini, akizungusha polepole, akipanda.

Alipofika kwenye jina, akaacha.